Kitabu cha Mvua cha Mtaa wa Mawaridi

Katika nchi yetu mvua haijawahi kukosekana, na mwenye kubisha aje asome kitabu. Kitabu ninacho mimi. Jina la nchi sitalitaja, maana limebadilishwa mara tatu tangu mwaka jana na sina hakika la wiki hii ni lipi. Kitabu chenyewe hakijabadilika: jalada la kijani, kurasa mia nne, na mwandiko wangu mwenyewe, mimi Tunu binti Shekue, Katibu wa Chama cha Bustani cha Mtaa wa Mawaridi kwa mwaka wa kumi na tisa. Nimechaguliwa mara zote bila mpinzani. Yuko mmoja aliyetaka kunipinga, lakini tulikwenda kwake kukagua, tukamkuta na magugu, na habari zake zikaishia hapo.

Tuko watu kumi na mmoja. Wengi wastaafu, wajane kiasi, na mke wa waziri ambaye haji mikutanoni ila hutuma keki. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa nne asubuhi, tunakutana barazani kwa Mwenyekiti wetu, Mzee Mtawali, aliyekuwa ofisa wa forodha na mpaka leo hawezi kuona begi la mtu bila kutaka kulifungua. Tunakunywa chai, tunakula vitumbua, halafu kila mmoja anasimama kusoma aliyoyaona bustanini kwake mwezi mzima: mvua milimita ngapi, ndege gani, wadudu gani, mnyama gani kapita, ua gani limechanua. Mimi naandika. Nikishaandika, basi, imekwisha. Kanuni yetu ya nne inasema kipimo hakijadiliwi. Ilitungwa mwaka ule wanachama wawili walipobishania milimita tatu mpaka mmoja akamng'ata mwenzake mkono.

Kipimamvua cha kila mmoja wetu ni kichupa cha kioo chenye mistari, kimefungwa kwenye kijiti. Wataalamu wanasema kiwekwe mahali pa wazi, mbali na kila kitu. Sisi tumekisimika katikati ya tuta la maua, kwa kuwa mvua tunayoihitaji ni ya maua. Ya mahali pa wazi itatusaidia nini?

*

"Mwezi wa pili. Mvua: milimita 190. Ndege: chozi wengi, mnana, hondohondo wawili. Wadudu: vipepeo hawahesabiki. Mawingu: hakuna."

Hayo niliyaandika kwa mkono wangu na sikushtuka hata kidogo. Aliyeshtuka ni Chiduo.

Chiduo alikuwa mmwagiliaji wa chama. Mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, mrefu, mpole, mwenye kucha ngumu kama za kobe. Kila alfajiri, saa kumi na moja, alipita bustani zetu zote kumi na moja na mpira wa maji, na sisi tulipoamka saa moja tulikuta majani yanametameta, tukashukuru Mungu, tukaenda kusoma vichupa. Maji mtaani kwetu hayakatiki. Liko bwawa juu ya mlima, lilichimbwa kwa ajili ya wilaya ya Mbugatatu, kule chini kwenye nyika. Bomba likalazwa kuelekea Mbugatatu, lilipofika kwetu likaona panatosha.

Asubuhi moja nimeinama kwenye kichupa changu, Chiduo akaja, akavua kofia.

"Mama, nikikuuliza kitu hutakasirika?"

"Nitajuaje na hujauliza?"

"Hii namba unayoiandika kila siku, ni ya mvua?"

"Ala! Kwani wewe unaona naandika barua?"

"Mvua haijanyesha, mama. Tangu mwezi wa kumi na moja haijanyesha hata ya kulowesha kidole. Haya ni maji ya mpira wangu. Nikimwagilia maua, na kichupa kimo mle mle katikati. Nifanyeje sasa, nikiruke?"

Nilibaki nimeinama vile vile. Damu ilinipanda usoni, niseme kweli, na mgongo ukaniuma. Miaka kumi na tisa! Ndipo nikakumbuka mwaka ule ng'ombe walipokufa barabarani, sisi tukavunja rekodi ya mvua na kupigiana makofi. Ilikuwa hivyo kila mara. Jua likizidi, maua yanazidi kunyauka. Maua yakinyauka, tunamwambia Chiduo aongeze maji. Chiduo akiongeza maji, kitabu kinaandika gharika.

"Umemwambia nani mwingine?" nikamuuliza.

"Wewe tu, mama. Kalamu unayo wewe."

"Basi liishie hapa. Nitalisahihisha mwenyewe mkutanoni, kwa utaratibu."

"Sawa, mama. Ila ningeomba iwe haraka." Akaikunja ile kofia mkononi. "Jana redioni wamesoma namba zetu. Kwetu ni Mbugatatu. Watu wanachimba mizizi. Yako malori ya mahindi ya msaada, yamepakiwa, yamesimama ghalani. Redio inasema yasitoke kwanza, kwa sababu mlimani mvua imeonekana, kitabu kipo. Kule nina mama yangu, nina mke wangu Matika, na mtoto mmoja, Mwendwa, ana miaka sita. Ukifuta hizo namba, malori yanakwenda. Ni hilo tu, mama."

Nilimwahidi. Nilimpa na vitumbua viwili vya jana.

*

Namba zetu zilifikaje redioni? Hapo lazima niseme kidogo habari za serikali, na mtanisikia nikizisema kwa heshima.

Serikali ilikuwa na kituo chake cha hali ya hewa. Kituo kilikuwa na mnara, mashine na wataalamu saba. Mwezi wa kumi na mbili mkuu wa kituo aliripoti kwamba mvua hakuna. Akaonywa. Mwezi wa kwanza akaripoti tena kwamba mvua hakuna, yaani mtu hata haoni haya. Siku hiyo hiyo Mlezi Mkuu wa Taifa alikuwa ametoka kutangaza Mwaka wa Neema, mabango yameshapakwa rangi, na vijana wa halaiki wameshafundishwa kucheza wakiwa wameshika mahindi ya karatasi. Kituo kikafungwa kwa ukarabati. Wataalamu saba wakapelekwa masomoni mahali ambapo barua hazifiki.

Sasa Mwenyekiti wetu, Mzee Mtawali, ana ugonjwa wa kupenda kuandikwa gazetini. Kila mwezi hupeleka taarifa yetu kwenye ukurasa wa mapishi, nao huichapa katikati ya pilau na tangazo la viatu. Ikaonwa na Kamishna wa Neema. Alikuwa anatafuta pilau.

Basi mkutano wa mwezi wa tatu, mimi nimejipanga. Nimevaa gauni la heshima, nimeandika hotuba fupi yenye kichwa "Marekebisho." Nafika barazani, nakuta magari manne, askari, mpiga picha, na kiti changu amekalia mtu mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Ndiye Kamishna Lugendo mwenyewe. Vitumbua amevimaliza.

Akasimama. Akakohoa. Mpiga picha akakohoa naye.

"Ndugu wanabustani! Taifa lilikuwa na kituo. Kituo kilikuwa na mnara, lakini hakikuwa na adabu. Kilitazama juu, angani, ambako hakuna kitu, kikasema hakuna kitu. Ninyi mmetazama chini, kwenye ardhi ya nchi yenu, mkaona milimita mia na tisini! Nani mzalendo hapo? Anayeangalia mawingu au anayeangalia maji? Mlezi Mkuu ameagiza kwamba kuanzia leo mvua ya nchi nzima itapimwa Mtaa wa Mawaridi. Na Bi. Tunu binti Shekue ndiye Mpima Mvua wa Taifa."

Akanivika nishani. Ya shaba, umbo la tone, utepe wa bluu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema neno langu la marekebisho, wallahi nilikuwa nimeufungua, na ile picha iliyotoka gazetini inaonyesha hivyo, ila wameandika chini yake kwamba nilikuwa nashangilia. Nikajiambia si vizuri kumwaibisha mgeni. Nikajiambia mwezi ujao. Karatasi ikaja, nikatia sahihi: mvua ya mwezi, milimita 240.

Chiduo alikuwa amesimama kando ya baraza na mpira umezungushwa begani. Nilipotoka akanitazama nishani, hakunitazama usoni.

"Mwezi ujao," nikamwambia.

"Sawa, mama."

*

Malori yalirudishwa. Yaani hayakurudishwa, yalikuwa hayajatoka, lakini yalishushwa mzigo kwa sherehe. Gazeti lilisema ni mara ya kwanza katika historia kwa wilaya kuokolewa katika njaa bila kupewa chakula.

Halafu Kamishna Lugendo akakaa na wataalamu wake wa neema. Wakasema: mvua milimita mia mbili na arobaini inaivisha magunia kumi na manane kwa eka. Mbugatatu ina eka kadhaa. Kwa hiyo Mbugatatu ina magunia. Yako wapi? Wakapelekwa Wakusanyaji wa Mavuno, vijana wenye bunduki na mizani. Walikaa wiki mbili. Hawakuona punje, wakaandika kwamba ufundi wa kuficha chakula umefikia kiwango cha kutisha. Wakafukua sakafu za nyumba. Wakawapima watoto kuona kama wamenenepa kwa siri. Walichokipata ni mbegu, ile ya msimu ujao, iliyotundikwa moshini jikoni. Wakaichukua kama ushahidi.

Mama yake Chiduo alikufa mwezi wa tano. Habari aliileta mtu aliyekuja kwa miguu. Chama kilimchangia Chiduo sanda na kopo la chai, na nikaandika kitabuni, kwa kuwa hatuna mahali pengine pa kuandika: "Msiba mmoja, mama wa mmwagiliaji. Mvua: milimita 305. Mawaridi mekundu yamechanua mapema."

Akaomba ruhusa akazike. Mwenyekiti akamwambia wameshamzika, na maua yatamwagiliwa na nani?

*

Nisiache kusema juu ya viumbe, maana chama chetu si cha mvua peke yake.

Mwaka ule tuliona maajabu. Kwanza walikuja nyuki, makundi kwa makundi, wakaning'inia kwenye mabomba yetu. Wakaja ndege ambao hata Mzee Mtawali hakuwajua, na kwa vile hawezi kusema sijui, akawapa majina ya mabinti zake. Wakaja vyura, kenge, digidigi wawili waliolala kwenye asumini yangu wala hawakuogopa mtu. Nyani wakakaa ukutani wametulia, wameshika mbavu. Kamishna alifurahi mno. Alisema viumbe hufuata neema, na sisi ndio neema.

Mwezi wa sita wakaja watu.

Walikuja wakakaa upande wa kaskazini wa uzio, mle mferejini maji ya bustani yanapotokea. Wanakunywa pale alfajiri, mchana wanajilaza kwenye kivuli cha michongoma. Mkutanoni mwenzetu Bi. Salha akasimama, akasoma: "Ndege, kumi na sita. Vipepeo, wengi. Watu, kumi na wanne."

Nikauliza niwaandike wapi. Kitabu kina safu nne: mvua, ndege, wadudu, wanyama wanaopita. Tukazungumza kwa muda. Mzee Mtawali akaamua kwamba hawaruki, na wadudu si wao, kwa hiyo itabidi wakae safu ya nne kwa muda, mpaka chama kitakapopata kitabu kikubwa zaidi. Nikaandika. Na mwezi wa saba nikaandika sitini na mmoja.

Nilitaka kuwapelekea uji. Mzee Mtawali akaninyooshea kanuni ya kumi: viumbe wa porini wasilishwe, huharibu uchunguzi.

"Lakini Mwenyekiti, wale ni watu."

"Sijakataa, Bi. Katibu. Lakini ukimpa mmoja, mwezi ujao namba itapanda, na tutajuaje ni neema au ni uji wako? Takwimu zitakuwa na kasoro."

Mtu kama mimi, mwenye nishani, angesemaje juu ya kasoro za takwimu?

*

Tarehe saba ya mwezi wa nane Chiduo alinijia jikoni. Hakuvua kofia safari hii.

"Mama, ulisema mwezi wa tatu."

"Nilisema kwa utaratibu, Chiduo. Huoni mambo yalivyokuwa makubwa? Sasa ni kitabu cha taifa. Mtu hachukui kifutio tu akafuta taifa."

"Matika amenitumia neno. Mwendwa hasimami tena. Anakaa. Ukimwita anageuza macho, kichwa hakigeuzi." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ananiambia bomba limeziba. "Andika sifuri, mama. Siku moja tu. Siku moja mkiandika sifuri watauliza, na wakiuliza watakwenda kuona."

"Nikiandika sifuri wakati kichupa kina maji, nitakuwa mwongo."

Nilisema hivyo. Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi tangu siku ile, nikitafuta pahali ambapo yalikuwa na akili.

Chiduo akanitazama, akatikisa kichwa taratibu. "Basi hakitakuwa na maji," akasema.

Kesho yake alfajiri alifunga koki kubwa ya mtaa, akaketi juu ya kifuniko chake. Hakupiga kelele. Hakutukana mtu. Tuliamka saa moja, majani makavu, vichupa vyote kumi na kimoja vikavu. Tarehe tisa vikavu. Tarehe kumi mawaridi yakainamisha vichwa, na mke wa waziri, ambaye hatujapata kumwona, alikuja mwenyewe akiwa na kanga ya kulalia, akalia mbele ya bougainvillea yake kama amefiwa. Nami nikaandika kitabuni nilichokiona: sifuri, sifuri, sifuri. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa kile kitabu kilikuwa kinasema kweli, nami nikafurahi. Nikawaza, sasa watauliza.

Waliuliza. Kamishna Lugendo alifika mchana na magari sita.

"Nani amesimamisha mvua?" akauliza.

Mzee Mtawali akanyoosha kidole.

*

Shtaka lilikuwa refu, lakini kwa ufupi lilikuwa la kuzuia mvua ya taifa kwa makusudi katika Mwaka wa Neema. Hakimu alikuwa na haraka, alikuwa anakwenda arusini, tai ameshaifunga. Shahidi wa serikali nilikuwa mimi. Nilikaa usiku kucha nikijiandaa. Niliazimia kusema yote, tangu kichupa mpaka mpira, hata wakininyang'anya nishani. Niliivaa tu ili waniheshimu.

Mwendesha mashtaka akaanza.

"Shahidi, kabla ya tarehe nane kitabu chako kinaonyesha nini?"

"Milimita kumi, kumi na mbili kwa siku. Lakini naomba nieleze..."

"Utaeleza. Tarehe nane mshtakiwa alifunga koki. Tarehe nane, tisa na kumi, kitabu kinasema nini?"

"Sifuri."

"Mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Kwa hiyo alipofunga koki, mvua ilikoma. Ilikoma au haikukoma?"

"Mheshimiwa, ile haikuwa..."

"Bi. Tunu," akasema hakimu, akiangalia saa, "ikiwa kitabu chako si cha kweli, basi umelidanganya taifa milimita elfu moja na ushee, na hilo shtaka lina adhabu yake, nayo ni ya kamba. Swali ni jepesi. Mvua ilikoma au haikukoma?"

Chiduo alikuwa kizimbani, ameshika ukingo kwa mikono miwili. Aliniangalia kwa subira, jinsi alivyozoea kuningoja nimalize kusoma kichupa ndipo avute mpira wake.

Niliogopa. Sina namna nyingine ya kulisema hilo. Nina miaka sitini na mitatu, nina bustani nzuri, na niliogopa.

"Ilikoma," nikasema.

Chiduo akaulizwa kama ana la kujitetea. Akasema, "Mimi sijazuia mvua, mheshimiwa. Mimi ndiye niliyekuwa mvua."

"Amekiri," hakimu akasema, akaandika, akaongeza shtaka la pili la kuwa mvua bila kibali.

Miaka saba. Na kwa kuwa serikali yetu haifungi mtu bure bure bila kumrekebisha, akaamriwa airudishe mvua aliyoizuia: apelekwe Mbugatatu chini ya ulinzi, na ailoweshe wilaya kwa mikono yake mpaka ifike milimita mia tatu. Akapewa ndoo. Gazeti lilisifu hukumu hiyo kwa upole wake, likachapa picha ya ndoo.

*

Matika alifika siku ya tatu baada ya hukumu. Nilimjua kwa jina tu. Alipita mferejini pale uzioni, akawauliza wale waliokaa, wakamwonyesha nyumba yangu. Mwanamke mwembamba, kanga moja, miguu imepasuka mpaka nyama nyekundu inaonekana. Nikamkaribisha jikoni nikampa uji, kanuni ya kumi nikaiweka pembeni. Aliushika ule uji hakuunywa.

"Mume wangu yuko wapi, mama?"

"Wamempeleka kwenu, mwanangu. Mtakuwa mmepishana njiani."

"Kwetu? Kufanya nini?"

"Kumwagilia."

Akafikiri. "Kwetu hakuna maji."

"Najua. Wamempa ndoo."

Nilidhani atacheka, au atanipiga. Angenipiga nisingejikinga. Akainamisha kichwa tu, akapuliza uji. Nami, kwa kutafuta neno la kusema, nikauliza lile ambalo sikupaswa kuliuliza.

"Na Mwendwa? Umemwacha na nani?"

"Nimemwacha na bibi yake," akasema.

Bibi yake tulimchangia sanda mwezi wa tano. Ilinichukua muda kuelewa, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kusema vizuri, vizuri, mtoto kwa bibi yake hana shida. Nilikaa chini sakafuni, mimi na gauni langu na nishani yangu, nikalia mpaka kamasi. Matika hakulia. Alikunywa uji, akaosha kikombe, akakifunika pale alipoona vingine vimefunikwa.

"Ulisema nini kule mahakamani, mama?" akaniuliza akiwa amenipa mgongo. "Uzioni wanasema ulisimama."

"Nilisema kile kilichokuwa kitabuni."

"Haya," akasema.

*

Chama kilihitaji mmwagiliaji. Mzee Mtawali alimwona Matika jikoni kwangu, akamkagua mikono, akafungua kifurushi chake akakifunga tena, akasema anafaa. Kamishna Lugendo alitoa kibali cha kuwa mvua, cha maandishi, chenye mhuri na picha yake upande. Kimewekwa sentensi moja ya onyo chini: akisimamisha, ataungana na mumewe. Analala stoo kwangu. Namwita mama Mwendwa, kwa kuwa ndivyo alivyoniambia nimwite.

Mawaridi yamepona. Watu wa uzio wa kaskazini wamepungua, arobaini, halafu ishirini na wawili, halafu tisa. Mkutanoni Mzee Mtawali alisema huenda wamehama, ni kawaida ya viumbe msimu ukibadilika. Mimi nimeona wanakohamia, ni hapo hapo nyuma ya michongoma, Matika ndiye anayewachimbia akishamaliza tuta la mwisho. Kitabu hakina safu ya hilo. Kutoka Mbugatatu kuna taarifa za serikali kwamba kazi ya kulowesha inaendelea vizuri na imefikia milimita mbili.

Leo nimeamka mapema, sikupata usingizi. Saa kumi na moja na robo nimetoka nje, nimemkuta ameshafika bustanini kwangu. Nikagundua jambo ambalo sikuwa nimeliona. Chiduo alikuwa akimwagilia maua, na kichupa kikajaa chenyewe. Mama Mwendwa anaanza na kichupa. Ameweka mpira chini, amepiga goti mbele ya kijiti, ana kikombe kile cha jikoni kwangu.

Akasikia hatua zangu, hakugeuka.

"Leo niweke ngapi, mama?"

Ningeweza kusema sifuri. Nilikuwa nimelishika neno lenyewe mdomoni. Nikisema sifuri, saa sita magari yanafika, na anayepelekwa ni yeye, na ndoo ya pili. Nikisema namba, ghala halifunguliwi. Nilijaribu kutafuta namba nyingine, ya katikati, isiyoua mtu. Mwalimu wangu wa hesabu hakunifundisha hiyo. Yeye amepiga goti kwenye udongo wenye maji, ananingoja.

"Kumi na mbili," nikasema.

Akamimina. Akainama mpaka jicho likawa sawa na mstari, akaongeza kidogo, akafuta kioo kwa ncha ya kanga yake.

"Tayari, mama," akasema. "Njoo usome."